Baka jekundu usoni, jicho linatoa machozi

Safu ya maswali ya macho. Anayejibu ni muuguzi mstaafu wa wodi ya macho, mkazi wa Nyegezi, Mwanza.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Ukerewe, si mbali na Nansio. Mke wangu amejifungua binti, uzao wetu wa kwanza, sasa ana wiki sita. Alizaliwa na alama upande wa kulia wa uso, rangi ya rozela. Imeanzia kwenye nywele, ikashuka paji la uso, ikafunika kope ya juu na shavu. Upande wa kushoto hauna kitu kabisa. Jicho la kulia linatoa machozi kutwa. Tukimtoa nje analifumba kwa nguvu na kuficha uso kifuani kwa mama yake. Majirani wanamsifu kwamba ana macho makubwa mazuri, ila mimi naona la kulia limezidi la kushoto, na siku hizi lina ukungu. Duka la dawa walinipa mafuta ya kupaka machoni, wakasema kifereji cha machozi kimeziba. Mama yangu anasema mke wangu akiwa mjamzito alishtushwa na moto akipika usiku, akajishika usoni, ndiyo maana. Anataka mtoto achanjwe chale. Mke wangu analia tu. Je, alama itafutika? Jicho tulifanyeje? Na tukizaa tena itakuwa hivi hivi? Watu wananitisha kwamba nikienda Bugando nitauza mtumbwi.
Baba Binti, Ukerewe

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa binti. Wasomaji wengine wajue kwamba baba huyu nilimpigia simu siku ileile barua yake iliponifikia, maana gazeti linachapwa kwa mwezi na jicho la namna hiyo halina mwezi wa kusubiri. Nilimwambia apande meli ya kesho yake. Alipanda. Aliyoambiwa na madaktari ni ya nyumba yake, sitayaandika. Hapa naandika yale niliyomwambia mimi, kwa urefu kidogo, kwa sababu najua kuna mama mwingine Sengerema au Musoma ana mtoto wa namna hii na anasifiwa macho.

Nianze na jicho, ndilo lenye haraka. Chale na moto wa usiku vitasubiri.

Machozi yasiyokatika, kuogopa mwanga, jicho kuwa kubwa kuliko mwenzake, na ukungu kwenye kioo chake cha mbele: vitu hivi vinne vikikutana kwa mtoto mchanga, mtu wa macho anawaza presha ya macho mpaka vipimo vimwambie vingine. Ndiyo, watoto nao hupata presha ya macho, wengine huzaliwa nayo. Na baka la rangi ya divai likigusa paji la uso na kope ya juu, hata jicho likiwa halina dalili yoyote, mtoto huyo anatakiwa aonwe na daktari wa macho katika siku zake za mwanzo za maisha. Ningekuwa na uwezo ningeliandika hilo ukutani kwenye kila wodi ya wazazi kuanzia Bukoba mpaka Shirati.

Kifereji kilichoziba simkatalii muuza dawa, kipo na kinapata watoto wengi. Lakini mtoto wa kifereji hutoa machozi na tongotongo, kope zinagandana asubuhi, kisha ukimtoa juani anakutazama vizuri tu, na kioo cha jicho lake kinang'aa. Huyu wa Ukerewe anajificha. Mtoto anayeukimbia mwanga ana kitu kinachomuuma kwenye kioo, na mafuta ya kupaka hayatakifikia.

Sasa hiyo sifa ya macho makubwa. Kioo cha mbele cha jicho, madaktari wanakiita konea, kwa mtoto anayezaliwa kina upana wa karibu milimita 10. Kikifika 12 kabla ya mwaka mmoja, tunashtuka. Ngozi ya jicho la mtoto bado laini, na hubaki hivyo mpaka karibu umri wa miaka 3, kwa hiyo presha ikipanda ndani, jicho lenyewe linavutika na kukua. Linapovutika, utando wa ndani wa konea unachanika michirizi, maji yanaingia, ndipo unaona ukungu. Wakati huo huo, nyuma kabisa, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unabanwa na kufa taratibu. Ukungu unaweza kuondoka presha ikishuka. Mshipa ukishakufa haurudi. Nimeona bibi mmoja akimrusha mjukuu juu kwa furaha ya yale macho, nami nikashindwa kutabasamu.

Kwa nini presha ipande upande wenye baka? Ndani ya jicho maji safi yanatengenezwa kila wakati na kutoka kupitia kona ndogo kati ya konea na ile sehemu yenye rangi, kisha yanaingia kwenye mishipa midogo ya damu. Mkazi wa Mwanza aufikirie Mto Mirongo unaokatiza mjini kwenda ziwani. Unaweza kufurika kwa sababu mbili. Ya kwanza, mdomo wake umeziba. Kwa watoto hawa ile kona ya jicho haikujengeka sawasawa tangu tumboni, na hao ndio wanaougua wakiwa wachanga kama binti wa Baba Binti. Ya pili, mto ni safi lakini ziwa limejaa, kama tulivyoona mwaka 2020 maji yalipomeza fukwe, basi mto unakosa pa kumwaga. Baka ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka, na chini ya ngozi, juu ya weupe wa jicho, mishipa ni ile ile iliyojaa. Presha ya damu ndani yake iko juu, maji ya jicho hayapati njia. Hao wa sababu ya pili mara nyingi huugua baadaye, wakiwa watoto wakubwa au hata watu wazima. Wengine wana sababu zote mbili kwa pamoja.

Hali hii yote, baka usoni, jicho na ubongo, inaitwa sindromu ya Sturge-Weber. Ni nadra, makadirio ya kawaida ni mtoto mmoja kati ya 20,000 hadi 50,000 wanaozaliwa. Wenye sindromu hiyo, kati ya 30 na 70 kwa kila mia hupata presha ya macho, na zaidi ya nusu ya hao huipata wakiwa wachanga. Si kila mwenye baka ana sindromu hii, na kupima ndiko kutakakotuambia.

Sturge alikuwa daktari Mwingereza. Mwaka 1879 alieleza habari za binti wa miaka sita na nusu mwenye baka upande mmoja wa uso na degedege upande wa pili wa mwili, akasema bila shaka juu ya ubongo kuna baka jingine kama lile la nje. Hakuwa na eksirei, maana ilikuwa bado haijagunduliwa. Alitumia macho na akili tu. Weber, daktari mwingine Mwingereza, alikuja kuonyesha mabadiliko ya ubongo kwa picha za eksirei mwaka 1922. Chanzo hasa kilipatikana mwaka 2013: badiliko dogo kwenye jeni (maelekezo ya mwili yaliyomo ndani ya seli) inayoitwa GNAQ, linalotokea katika seli moja ya mtoto akiwa ameshatungwa, siku za mwanzo kabisa. Hapo mama hajajua hata kama ana mimba. Hajapika usiku, hajashtushwa na moto, hajala kitu, hajamtazama mtu. Halikutoka kwa baba wala kwa mama, na kwa sababu hiyo uwezekano wa mtoto wenu wa pili kuwa nalo ni sawa na wa mtoto wa jirani yeyote. Zaeni mkitaka.

Bibi wa mtoto namheshimu, umri wetu haupishani sana. Namwomba jambo moja: wembe auweke mbali. Chale juu ya baka ni kukata ngozi iliyojaa mishipa ya damu. Itatoka damu nyingi, itaoza, na jicho liko pale pale pembeni. Maziwa ya mama ni chakula, yaishie mdomoni, yasidondoshewe jichoni.

Hospitalini itakuwaje? Kituo chochote cha karibu, au hospitali ya wilaya pale Nansio, waandike rufaa. Ukifika dirishani usiseme "mtoto ana macho". Sema: mtoto mchanga ana baka jekundu mpaka kope ya juu, jicho limekuwa kubwa, linaogopa mwanga. Maneno hayo yanafungua milango. Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bugando ni ya kanda na ina idara ya macho. Wakiona mtoto anahitaji bingwa wa macho ya watoto, wanaweza kuwaandikia kwenda KCMC Moshi, au Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam.

Mtoto mchanga hawezi kuambiwa "tazama mbele", kwa hiyo kwa kawaida hupimwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Wazazi wengi huogopa hapa, wengine hutoroka na mtoto. Ni kwa usingizi huo daktari anapata kupima presha, kupima upana wa konea, kutazama ile kona na kuona mshipa wa nyuma umebakia kiasi gani. Kwa mtoto anayenyonya, maziwa ya mama kwa kawaida husimamishwa masaa 4 kabla. Msimshindishe njaa usiku kucha kwa woga. Na kama amewahi kukakamaa au kutetemeka, hata mara moja, mwambieni mtu wa usingizi kabla.

Kwa umri huu tiba yenyewe mara nyingi ni operesheni, matone ni ya kushikilia mpaka siku hiyo. Daktari hufungua ile njia ya maji iliyoziba. Kama konea iko safi anaweza kuifungua kutokea ndani, wanaita goniotomia. Kama ina ukungu hawezi kuona, basi huingilia nje, ni trabekulotomia. Niseme ukweli ambao pengine hautapewa mlangoni: watoto wa baka hili operesheni zao ni ngumu kuliko za watoto wengine wenye presha ya macho. Wengi hurudi mezani zaidi ya mara moja. Ndani ya jicho, kwa nyuma, wanaweza kuwa na uvimbe wa mishipa ya damu, na presha ikishushwa ghafla, maji au damu hujikusanya pale. Kwa hiyo usishangae daktari akitumia muda mrefu kupima kabla ya kukata. Anayepima namna hiyo ndiye ninayempenda.

Matone nayo yana mambo yake. Dawa ya presha ya macho ya babu isiazimwe. Timolol inaweza kupunguza mapigo ya moyo ya mtoto mchanga na kumfanya asite kupumua; daktari akiitoa, hutoa ya nguvu ndogo na humfuatilia mtoto. Brimonidine mtoto wa chini ya miaka 2 hapewi kabisa, inamlaza usingizi mzito na kukata pumzi. Matone yenye deksamethasoni, yale yanayouzwa kirahisi kwa kila jicho jekundu, yenyewe hupandisha presha ya macho. Ukishadondosha dawa uliyoandikiwa, bonyeza kwa kidole kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili, ili isiteremke puani na kuingia mwilini.

Presha ikishatulia kazi haijaisha. Jicho lililovutika huwa halioni mbali, na ubongo wa mtoto hulizoea jicho zuri na kulipuuza bovu. Ndipo mtaambiwa avae miwani, na jicho zuri lizibwe kwa saa kadhaa kila siku. Mtoto atalia na kung'oa kiziba, shangazi atasema mnamtesa. Zibeni.

Kuhusu mtumbwi. Watoto wa chini ya miaka 5 wana msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali kwa mujibu wa sera, ila sitakudanganya kwamba hutatoa kitu: kuna nauli, kuna kulala, kuna dawa ambazo siku hiyo hazipo. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda huko siku ya kwanza, usisubiri bili ikuelemee, na ubebe barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yako. Watu huona aibu kugonga mlango ule, kisha wanauza nyavu.

Limebaki moja, na nusura nilitangulize hili. Baka likifika paji la uso, ubongo nao unaweza kuwa umeguswa, na wengi wa walioguswa hupata degedege, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka. Kwa binti mwenye baka la kulia, mara nyingi mkono na mguu wa kushoto ndio utakaoanza kucheza. Huku kwetu ziwani homa haziishi, na homa inaweza kuamsha degedege hilo. Basi mtoto huyu akipata joto, apimwe malaria siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Akikakamaa, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimfukizie kinyesi cha tembo wala moshi wowote, tazama saa. Zikifika dakika 5 hajaacha, ni hospitali kwa chombo chochote kilichopo. Dawa ya degedege ikishaanzwa haiachwi kwa sababu mtoto ameonekana mzima. Daktari wa watoto atasema lini apigwe picha ya ubongo ya MRI, na msishangae akisema irudiwe, maana kwa mtoto mdogo sana picha ya kwanza inaweza isionyeshe kitu.

Alama yenyewe haitafutika. Atakua nayo, na kwa miaka itakolea na kunenepa. Kuna leza inayopunguza rangi kwa awamu nyingi. Ni jambo la kuuliza baadaye, jicho na ubongo vikishatulia. Mkorogo wa kuchubua, wa dukani au wa kienyeji, usiguse uso huo. Na msimfunike kanga usoni wageni wakija. Akianza shule atakuta wenzake wamemzoea tangu anatambaa.

SWALI: Mama pole na kazi. Mjukuu wangu ana alama nyekundu katikati ya paji la uso na kwenye kope zote mbili, na nyingine kisogoni. Akilia zinakolea. Nimesikia redioni habari za baka na upofu, sijalala.
Bibi, Igoma

JIBU: Lala dada yangu. Alama za katikati, zinazogusa kope zote mbili na kisogo, watoto wengi sana huzaliwa nazo. Za usoni kwa kawaida hufifia ndani ya mwaka mmoja au miwili, ile ya kisogoni inaweza kubaki chini ya nywele na haina neno. Ninayoiogopa ni ile ya upande, yenye mpaka unaokatika katikati ya uso, isiyofifia. Kwa ngozi zetu angalia vizuri: mtoto akishapata rangi yake, baka hilo linaweza kuonekana kama kivuli cha zambarau, watu wakadhani ni weusi wa kawaida. Mtazame kwenye mwanga wa mlangoni mchana, si kwa taa ya simu. Na siku ya chanjo mwonyeshe nesi, ndiyo kazi yake.

SWALI: Shikamoo. Mtoto wa dada yangu ana miaka minne na ana baka upande wa kushoto tangu kuzaliwa, limeshika kope. Alipimwa macho akiwa mchanga, wakasema yuko sawa. Dada anasema tumeshamaliza. Je, kweli?
Mama Mdogo, Buzuruga

JIBU: Marahaba. Hamjamaliza, na umefanya vizuri kuuliza. Ile presha ya sababu ya pili, ya mishipa iliyojaa, huja hata miaka mingi baadaye. Na sasa hatari yake ni kubwa kwa namna nyingine: jicho la mtoto aliyepita miaka 3 limekwisha kukomaa, halivutiki sana, kwa hiyo hamtaona kubwa wala machozi wala kukimbia jua. Litakufa kimya, na yeye mwenyewe hatasema kwa sababu lile jingine linaona. Nyumbani mnaweza kumziba jicho la kulia kwa kiganja na kumwonyesha picha kwa mbali; akigoma au akikosea, msingoje. Lakini hata akipatia zote, presha haipimwi kwa picha. Arudishwe kliniki ya macho, na aendelee kurudi kila daktari atakapopanga, akiwa shule ya msingi, sekondari na hata akishaolewa. Siku ya kwenda mchukue kadi yake ya kliniki ya zamani kama bado ipo, ili walinganishe vipimo vya leo na vya wakati ule.